Usiulize "Wote Mpo?"

Nasimamia zamu ya mchana kwenye kiwanda cha nguo hapa Dar es Salaam: laini tatu, mafundi sabini na kitu. King'ora cha moto kikilia, kazi yangu ni kujua nani hayupo.

Natoka na madaftari mawili, la zamu na la wageni wa getini. Tunakusanyika chini ya mwembe, mbali na ukuta, njia ya gari la zimamoto ikiwa wazi. Kila laini inasimama peke yake.

Hapo usiulize "Wote mpo?" Utajibiwa "Ndiyooo!" kama darasa la pili. Ita jina, ngoja sauti, mtazame usoni. Siku ya zoezi, binti mmoja aliitikia kwa niaba ya shoga yake, akidhani naandika wachelewaji. Kumbe mwenzake yuko chooni anaongea na simu! Tangu hapo naanza kwa kutangaza: leo hakatwi mtu hela.

Kisha watafute wasiomo kwenye daftari la zamu. Vibarua wa kupakia mzigo. Fundi wa jenereta. Mama lishe aliyeleta chai. Dereva anayesinzia kwenye lori huko nyuma. Huyu husahaulika kila mara. Na aliyeondoka saa nane kwa ruhusa awe amesaini kutoka, la sivyo utamtafuta motoni mtu aliyeko nyumbani kwake anapika.

Jina likikosa mtu, muulize anayekaa naye cherehani jirani: umemwona wapi mara ya mwisho? Piga simu yake mara moja. Asipopokea, mfuate kiongozi wa zimamoto (114 mliishapiga, natumaini) umweleze kamili. "Kuna mtu ndani" haimsaidii. Sema: "Mwanamke mmoja, stoo ya vitambaa, kulia mwishoni, anatembelea gongo."

Usirudi ndani, wala usimwachie ndugu yake arudi, hata akikutukana. Moshi humwangusha mtu kabla moto haujamfikia. Aliyeuvuta akae nawe mpaka apimwe, hata akisema yuko sawa. Asipande bodaboda kimyakimya.

Zimamoto wakiruhusu kurudi, hesabu tena mlangoni. Zoezi la mwisho walitoka 71, wakaingia 70. Mmoja alikuwa amevuka barabara kununua mihogo.