Namna ya kuandika na kusema bila kumbagua mtu kwa jinsia yake

Kiswahili kimetupunguzia kazi ambayo wenzetu wanaotumia Kifaransa, Kijerumani au Kihispania huhangaika nayo kila siku, kwa kuwa majina yetu ya watu hukaa katika ngeli moja, na kiambishi cha "anafundisha" hakisemi kama mwalimu ni mwanamume au mwanamke. Nchini Uswidi ilibidi kiwakilishi kipya, hen, kiingizwe katika orodha rasmi ya maneno ya Akademia ya nchi hiyo mwaka 2015 ili watu wapate kile ambacho sisi tunacho katika "yeye". Nafuu hiyo, hata hivyo, hutulevya. Kwa kuwa sarufi haibagui, tunadhani nasi hatubagui, ilhali ubaguzi umehamia katika vyeo, katika sifa tunazowapa watu na katika maneno tunayoongeza pasipo haja. Huko ndiko pa kukagua.

Anza na nyongeza. Tunaandika "rubani mwanamke" na "muuguzi wa kiume" kana kwamba kazi ina wenyewe na huyu ameiazima tu. Kabla ya kuibakiza nyongeza ya aina hiyo, jiulize kama habari ingepungua ukiifuta: ikiwa mgonjwa ameomba kuhudumiwa na daktari mwanamke, neno hilo lina kazi, lakini ikiwa taarifa inahusu upasuaji uliofanikiwa, halina. Kipimo chepesi ni kubadilisha jinsia ya mtajwa na kusoma upya. Hakuna anayeandika kwamba "mhandisi huyo mchangamfu, baba wa watoto watatu, alieleza jinsi nguzo za daraja zilivyojengwa", na sentensi inayochekesha ikimhusu mwanamume haifai kumhusu mwanamke.

Mahali penye madhara ya haraka zaidi ni tangazo la kazi. Chukua tangazo hili: "Anahitajika kijana wa kiume, shupavu, wa kusimamia ghala, pia anahitajika binti mwenye mvuto wa kupokea wageni." Mwandishi wake huenda hakukusudia ubaya, ila hakuna sifa hata moja aliyoitaja inayoweza kupimwa. Kama kazi ya ghala inadai nguvu, taja uzito: "awe na uwezo wa kuinua mizigo ya kilo 25 na kutunza kumbukumbu za bidhaa zinazoingia na kutoka." Kama mapokezi yanadai ustadi, utaje: "awe na lugha ya adabu, na aweze kujibu simu na barua kwa ufasaha." Mkataba namba 111 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1958, umeiweka jinsia miongoni mwa misingi ya ubaguzi katika ajira, na ubaguzi huo hauhitaji neno "wa kiume" ili utokee. Utafiti wa Danielle Gaucher na wenzake, uliochapishwa mwaka 2011, ulionyesha kwamba matangazo yaliyojaa maneno ya ubabe na ushindani hayakuwavutia sana wanawake, kwa sababu waliona hapo si mahali pao, wala si kwa sababu walijiona hawana ujuzi.

Barua ya mapendekezo inahitaji jicho kali zaidi, maana huko ubaguzi huvaa nguo za sifa. Frances Trix na Carolyn Psenka walichambua barua zaidi ya 300 zilizoandikiwa waombaji wa kazi katika chuo kimoja cha udaktari nchini Marekani, na katika matokeo waliyochapisha mwaka 2003, barua za wanawake kwa wastani zilikuwa fupi zaidi na zilitilia mkazo juhudi na ualimu wao kuliko utafiti wao. Tunayo mapishi yetu wenyewe: "Ni dada mtiifu, mwenye heshima, asiye na makuu." Mwajiri hajui amfanyie nini mtu huyo. Andika alichofanya: "Alisimamia ukaguzi wa hesabu za matawi manne na kuukamilisha kabla ya muda." Utiifu ukiwa kweli unahusika, basi uwe ni sifa ambayo ungemwandikia pia mwanamume.

Katika vikao, sikiliza vyeo. Muhtasari unaposema waliohudhuria ni "Dkt. Juma, Mhandisi Baraka na Mama Asha", ilhali Asha naye ana shahada ya uzamivu, heshima ya "Mama" imemnyang'anya cheo chake. Sioni sababu ya kulifukuza neno hilo kazini. Linafaa pale ambapo wanaume nao wanaitwa Baba fulani. Penye shaka, muulize mhusika angependa aitweje, au tumia jina lake kamili bila Bw. wala Bi. Kwa hadhira, "Ndugu wajumbe" inatosha. Kwenye mwaliko, "na wenzi wenu" inachukua nafasi ya "na wake zenu", na katika barua ya shule "mzazi au mlezi" inamkumbuka pia baba anayefuatilia masomo ya mwanawe.

Wapo wanaokwenda mbali na kutilia shaka hata "mwanasheria" na "mwenyekiti". Hiyo ni kazi bure, kwani maneno hayo hayana jinsia.

Kosa la upande wa pili ni kuificha jinsia pale inapobeba habari. Ripoti inayosema "wanafunzi wameacha shule", wakati walioacha ni wasichana waliopata ujauzito, imefuta tatizo lenyewe. Vivyo hivyo, kuwa macho unapotumia programu ya kutafsiri kwenda lugha zenye viwakilishi vya jinsia, kwa sababu "yeye" wetu huweza kugeuzwa mwanamume akiwa daktari na mwanamke akiwa muuguzi. Soma tafsiri nzima kabla ya kuituma.

Ukimsikia mwenzako akimwambia mtu "fanya kazi kiume", usimhutubie mbele ya watu. Lirudie wazo lake kwa namna nyingine, "ndiyo, tufanye kwa bidii", kisha mwendelee na kazi. Akirudia tena na tena, zungumza naye faraghani na umtajie sentensi yenyewe aliyoisema, badala ya kumshutumu kuwa ana dharau kwa wanawake.