Namna ya Kutembelea Karakana za Wachongaji Mkoani Mtwara: Mwongozo kwa Mwanafunzi wa Sanaa

Mwanafunzi wa sanaa anayeshuka Mtwara akitokea Dar es Salaam au Bagamoyo huuliza kwanza majumba ya maonyesho yako wapi, na jibu la kweli ni kwamba ni machache sana. Uchongaji wa huku hufanyika uani, chini ya mwembe au kando ya banda la makuti, na kinyago kikikamilika mara nyingi husafirishwa kwenda kuuzwa Mwenge, Dar es Salaam. Kwa hiyo panga ziara yako kwa nia ya kutazama mikono ikifanya kazi, kwa sababu vinyago vilivyokwisha kung'arishwa ungeweza kuviona bila kuvuka Rufiji.

Chagua wakati vizuri. Wachongaji wengi wa Tandahimba, Newala na Mtwara Vijijini ni wakulima pia, na msimu wa korosho unapopamba moto, hasa Oktoba na Novemba, utakuta tezo, kishoka cha kuchongea, limetundikwa na mwenyewe yuko shambani. Miezi ya Juni hadi Agosti inafaa zaidi, kwani mvua zimekatika, mavuno ya chakula yamekwisha, na ndicho kipindi cha jando na unyago. Beba barua ya utambulisho ya chuo chako, uipeleke kwa mtendaji wa kijiji kabla ya kwenda kwa fundi yeyote. Ukifika kwa fundi, mwamkie shikamoo, keti unapoonyeshwa, jieleze wewe ni nani na umetoka wapi, kisha uombe ruhusa ya kutazama. Kamera ibaki mkobani mpaka mazungumzo yatakapoifikia yenyewe.

Nakusihi utumie siku nzima katika karakana moja badala ya kupita tano kwa siku. Mpingo ni mti mgumu na mzito kiasi cha kuzama majini, na kazi yake haina haraka. Utaona gogo likiwa na ganda jeupe la nje na kiini cheusi, na fundi akiligeuza mara nyingi kabla ya kulipiga, akitafuta wapi limepinda, wapi lina ufa, wapi lina tundu. Mara nyingi hakuna mchoro wa penseli unaotangulia. Umbo la gogo lenyewe ndilo linaloamua kama atatoka mzee aliyeinama au mama aliyebeba mtoto. Shoka hutangulia, tezo hufuata, kisha patasi, tupa na msasa. Angalia jinsi miguu inavyolishikilia gogo, sikiliza sauti ya tezo inavyobadilika linapofika kwenye kiini, na uulize kwa nini kazi ambayo haijakamilika hufichwa kivulini: mpingo ukikaushwa haraka hupasuka. Chora haya yote kwa mkono. Katika ziara yangu ya kwanza nilirudi na picha nyingi za simu, lakini hakuna hata moja iliyonifundisha namna kiwiko kinavyoongoza pigo. Michoro minne niliyoichora kwa makaa ndiyo iliyonifundisha, na ninayo hadi leo.

Soma kidogo kabla ya kusafiri, ili maswali yako yawe na uzito. Mtindo wa ujamaa, ambao watu wamepandana kulizunguka gogo moja, huhusishwa na Roberto Yakobo Sangwani, na mtindo wa shetani, wa mizimu yenye maumbo ya ajabu, huhusishwa na Samaki Likankoa. Wote wawili walikuwa Wamakonde waliotoka Msumbiji, na mitindo hiyo ilikua Dar es Salaam kuanzia miaka ya 1950. Usishangae basi ukimkuta fundi wa Newala asiyechonga mashetani kabisa. Muulize alifundishwa na nani, na mwalimu wake alichonga nini. Hilo ni swali ambalo wachongaji hulijibu kwa furaha.

Kinyago cha mapiko, ngoma ya jando ya Wamakonde, kinahitaji heshima ya pekee. Huchongwa kwa mti mwepesi, huvaliwa kichwani kama kofia, na mchezaji huona kupitia mdomo wa kinyago. Kwa desturi, ni siri ya waliopitia jando, hivyo usiombe kukivaa, usimtaje anayekicheza, na usipige picha kinapochongwa bila idhini ya wazee, hata kama kijana mmoja amekuambia hakuna shida.

Tenga nusu siku kwa Mikindani, kilomita kama 10 kutoka Mtwara mjini. Boma la Wajerumani la mwaka 1895 limekarabatiwa, lakini mwanafunzi wa uchongaji atafaidika zaidi na nakshi za milango ya nyumba za kale mitaani. Chora miimo na vizingiti, na usikubali kuuziwa kipande chochote, kwa kuwa Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inailinda milango iliyonakshiwa kabla ya 1940.

Kuhusu fedha, mlipe fundi kwa muda wake hata kama hukununua kitu. Ukinunua, pima uzito mkononi na utafute mahali palipobaki weupe wa ganda, kwa maana wapo wanaopaka mti mwingine dawa ya viatu nyeusi. Omba risiti. Ukitaka gogo la kujifunzia chuoni, pitia kwanza ofisi ya Wakala wa Huduma za Misitu, kwani mazao ya misitu husafirishwa kwa kibali.

Siku ya mwisho, rudi kwa fundi uliyekaa naye, umfungulie daftari lako ukurasa kwa ukurasa. Atakuonyesha mahali ulipokosea mshiko wa tezo au mkunjo wa goti. Andika masahihisho yake pembeni ya mchoro, kwa maneno yake mwenyewe, pamoja na tarehe.