Jadili bei ya jumla, si bei ya gari pekee

Kwa mnunuzi wa gari jipya aliyeko Mtwara au Lindi: kabla ya kutamka namna utakavyolipa, waombe wauzaji wawili au watatu wa Dar es Salaam profoma (hati ya makadirio ya bei) ya gari la aina na toleo lilelile, ikionyesha VAT ya asilimia 18, usajili, bima na gharama ya kulifikisha kwako, kisha ujadili jumla hiyo tu. Muuzaji anayeshusha bei huku akipandisha ada ya maandalizi (ya kuliandaa gari kabla ya kukukabidhi, na inayofaa kuhojiwa kwanza) hukosa pa kuificha. Mbinu hii hushindwa pale aina unayoitaka ina wakala mmoja nchini. Hapo omba matengenezo ya bure badala ya punguzo.