Somo: Kufunga paneli za alumini kwa riveti zisitune

Paneli nyingi za alumini zilizotuna kwenye mabango ya maduka hazina ubovu wowote. Tatizo ni kwamba kila riveti, yaani pini ya kushikizia paneli kwenye fremu, imebanwa, paneli haina pa kuchezea.

Paneli ya kawaida ina unene wa mm 4: ngozi mbili za alumini, mm 0.5 kila moja kwa zile nzuri, na plastiki katikati. Joto likipanda nyuzi 100, hutanuka takriban mm 2.4 kwa kila mita. Basi paneli ya mita 3 ikipanda nyuzi 50 kutoka alfajiri hadi jua la saa nane, inaongezeka mm 3.6. Isipopata nafasi pembeni, inatuna mbele.

Hatua ya 1: fremu. Skwea paipu za alumini ndizo bora. Ukitumia chuma, kipige rangi ya kuzuia kutu, kisha bandika tepu ya mpira ili alumini isikiguse. Penye unyevu na chumvi ya bahari vikigusana, alumini ndiyo inayoliwa.

Hatua ya 2: matobo. Hapa ndipo kazi ilipo, usiharakishe. Tumia riveti za alumini za mm 5 zenye kichwa kipana cha mm 14. Chagua tobo moja tu, karibu na katikati ya paneli, ulitoboe mm 5.1 paneli na fremu pamoja. Hilo ndilo linaloishikilia paneli mahali pake. Kwingine kote, paneli itobolewe mm 8.5 na fremu mm 5.1. Riveti ikae katikati kabisa ya tobo pana, maana ikiegemea ukingo, paneli haitasogea upande huo. Usikaribie ukingo wa paneli chini ya mm 15.

Hatua ya 3: kufunga. Bandua kwanza nailoni ya juu pale riveti zinapokaa. Mishale iliyochapwa juu yake ielekee upande mmoja kwa paneli zote, la sivyo rangi zitapishana juani. Weka pua maalumu kwenye mashine ya riveti, ile inayoacha uwazi wa mm 0.3. Kichwa kikae juu ya paneli bila kuibonyeza. Pitisha kidole kukizunguka: ukihisi kishimo, umebana mno. Kati ya paneli na paneli acha angalau mm 10, na ukimaliza toa nailoni yote kabla jua halijaigandisha.

Maswali ya wanachama

Mwalimu, naweza kutumia riveti za chuma? Huku ni bei nafuu.
Hapana, ndugu yangu. Hata riveti ya alumini, angalia msumari wake wa ndani. Ukiwa wa chuma cha kawaida, kutu itachuruzika ukutani. Chukua wenye msumari wa chuma kisichoshika kutu.

Shikamoo mwalimu. Nimepewa kazi ya ghorofa nane, paneli hizi hizi zinafaa?
Marahaba. Zenye plastiki tupu ndani, kataa kabisa. Jengo la Grenfell, London, liliungua Juni 2017 wakafa watu 72, na paneli za namna hiyo ndizo zilizoupandisha moto. Mwambie tajiri wako anunue zenye kiini cha madini kisichowaka, na cheti chake ukione kabla ya kutoboa.

Za kwangu zimeshatuna, nizitupe?
Ngoja kwanza. Toboa vichwa vya riveti, shusha paneli, panua matobo yake yote hadi mm 8.5 isipokuwa lile la katikati, kisha rudishia kwa riveti mpya. Ukikuta ngozi imeachana na plastiki, hiyo badilisha.