Jinsi ya kumsimulia Mujica bila kuanza na kile kigari

Ukitaka kumsimulia mtu maisha ya José Mujica, yule mzee aliyekuwa rais wa Uruguay, iwe darasani, kijiweni au kwa mwanao, nakuomba usianze na kigari chake cha Volkswagen cha 1987. Najua ndo kitu watu wanakijua ila ukianzia hapo msikilizaji anabaki na mzee mpole wa vitu vya zamani, basi.

Anza na bunduki. Kazaliwa Montevideo 1935, miaka ya 60 akaingia Tupamaros, wapiganaji wa chinichini ila hawa walipigana mjini sio msituni, wakavamia mabenki, wakateka watu. Usimsafishe, sema kama ilivyokuwa. 1970 akapigwa risasi sita akapona, 1971 akatoroka jela ya Punta Carretas kwa handaki na wenzake zaidi ya 100 (leo ile jela ni mall, watu wananunua viatu), mwaka uliofuata akadakwa tena.

Hapa sasa tulia, usikimbie. Wanajeshi walipochukua nchi 1973, yeye na wenzake wanane wakafanywa mateka, yaani kundi lao likijaribu kitu tu wao wanauawa, wakawa wanahamishwa kambi hadi kambi, kila mtu peke yake, kuna kipindi alikaa chini shimoni, miaka inapita hana hata kitabu, akili ikaanza kumruka. Katoka 1985 kwa msamaha. Ukifika hapo nyamaza kidogo, mi huwa nafanya hivyo.

Siasa zipitishe haraka: mbunge, seneta, waziri wa mifugo na kilimo, rais 2010 mpaka 2015, muhula mmoja maana katiba yao hairuhusu miwili mfululizo. Sheria ya bangi ya 2013 itaje, Uruguay ndo nchi ya kwanza kuhalalisha kilimo na uuzaji wake nchi nzima, na wananchi wengi hawakuitaka.

Ndo sasa lete kigari, lete kale kashamba ka maua Rincón del Cerro alikoishi na mkewe Lucía Topolansky, naye kafungwa miaka mingi vilevile, na mshahara aliogawa karibu asilimia 90. Msikilizaji anaunganisha mwenyewe, mtu katoka shimoni, ikulu ya nini? Akiitwa rais maskini alikataa, alisema maskini ni yule anayetaka vingi.

Kafariki Mei 13, 2025, ana miaka 89, aliomba azikwe palepale shambani karibu na Manuela, mbwa wake wa miguu mitatu. Watoto watakuuliza sana habari za Manuela, wajibu.