Kijito kinang'aa? Chemsha tu

Maji ya kijito yanayong'aa kama kioo bado yanaweza kuwa na vimelea vya giadia, na tumbo huenda lisilalamike hadi wiki 1 au 2 baadaye, ukiwa umeshasahau ulikunywa wapi. Mnyama akijisaidia huko juu, wewe huku chini utajuaje? Yachemshe: yakishatokota kwelikweli, yaache dakika 1, au 3 ukiwa juu ya mita 2,000. Yenye tope yachuje kwanza kwa kitambaa safi. Vidonge vya klorini ni vyepesi kubeba, ila kriptosporidiamu, kimelea kingine cha kuharisha, huvihimili, ndiyo maana mimi sufuria yangu ndogo siiachi. Kemikali za mashambani au migodini hata moto hauziondoi. Hapo tafuta chanzo kingine.