Jinsi ya kutabiri mambo bila kujidanganya

Kabla hujatabiri kitu jiulize kwanza, hiki kinatabirika kweli au mimi ndo natamani kitabirike? Maana vitu havilingani. Tarehe 2 Agosti 2027 jua litapatwa na hakuna wa kubisha, ni hesabu tu za mwendo wa mwezi na dunia. Hali ya hewa ya kesho sawa, ila ya wiki tatu mbele siku kwa siku hapo unabahatisha. Edward Lorenz, mtaalamu wa hali ya hewa wa Marekani, aliliona hilo 1961, kwenye kompyuta iliyokuwa inaiga hali ya hewa aliingiza 0.506 badala ya 0.506127 akidhani haina shida, hali ya hewa iliyotoka ikawa nyingine kabisa. Tetemeko ndo usiseme. Wataalamu wa Marekani walitabiri la Parkfield, California litakuja kabla ya 1993 kuisha, likaja 2004, mahali walipatia, ukubwa nao walipatia, tarehe ikawapiga chenga.

Binadamu je? Yeye ana kasheshe ya peke yake, anasikia ulichotabiri. Mwezi hausikii. Mwambie mtu "wewe utachelewa tu" uone atakavyowahi makusudi kukukomoa.

Ila hata kwa watu unaweza kupunguza kukosea. Usianze na huyo mtu, anza na wengine waliokuwa kwenye hali kama yake. Rafiki yako anasema atamaliza kuandika tasnifu miezi mitatu, ana ratiba nzuri, ana moto, we achana na moto wake, uliza waliomtangulia ilichukua muda gani. Wanasaikolojia Kahneman na Tversky waliandika kuhusu huu ugonjwa 1979, tunapanga kwa kuangalia mpango wetu na sio yaliyowakuta wengine, ndo maana kila kazi inachelewa na kila mtu anashangaa upya. Ukishapata hiyo kawaida ndo uisogeze kidogo kwa sababu ya huyo mtu mwenyewe, na hapo angalia alichofanya huko nyuma kwenye hali ileile, sio anachosema wala sura yake. Mimi binafsi maneno ya "namjua huyu" siyaamini hata kidogo, mara nyingi mtu anamjua mwenzake akiwa amekaa sebuleni, akiwekwa kwenye presha ni mtu mwingine.

Halafu andika. Andika asilimia na tarehe ya mwisho, mfano "asilimia 70 atakuwa amehama kazi kufikia Desemba". Ukisema "huenda akahama" hujatabiri kitu, maana lolote likitokea utasema si niliwaambia. Na asilimia 70 asipohama haimaanishi umekosea moja kwa moja, kusanya zako zote za 70 uone kama karibu saba katika kila kumi zimetimia.

Taarifa mpya zikija badilisha namba, ila kidogokidogo, sio kila uvumi unaruka kutoka 20 kwenda 90.

Mwisho jipe maksi, kuna njia ya Brier, mtaalamu wa hali ya hewa, ya 1950. Geuza asilimia iwe desimali, likitokea toa kwenye 1, lisipotokea toa kwenye 0, zidisha jibu kwa lenyewe. Ulisema 0.7 likatokea unapata 0.09, lisipotokea 0.49, na hapa ndogo ndo nzuri. Tafuta wastani wa zote, ukiona unazidi 0.25 basi bora ungekuwa unajibu nusu kwa nusu kila swali.